Jani la Mpofi, Jani la Bihambwe

Katika ndoa yake yote mama yangu alisubiri mti dume uzae matunda. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba ni dume. Kabla yangu hakuna mtu wa kilima chetu aliyelijua jambo hilo, na sisemi hivi kwa kujisifu bure: kabla yangu hakuna mtu wa kilima chetu, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa na shahada ya juu ya sayansi ya mimea. Nilianza nikiuza jibini kwenye soko la Sake, karibu na Goma, beseni kichwani, kitabu cha fizikia chini ya jibini. Nilimalizia China, katika maabara ambayo mashine zake hazizimwi hata sikukuu. Sikubebwa na mjomba wala na chama. Nilijibeba.

Mti ninaousema una majina mengi, kila bonde na lake. Wanasayansi wanauita Ilex mitis. Ni mti wa kijani mwaka mzima, gome lake jeupe-jeupe, unapenda kukaa karibu na vijito vya milimani. Jike huzaa matunda mekundu madogo ambayo ndege huyagombania. Jamaa zake duniani ni mamia, wengi wao wako Asia na Amerika ya Kusini. Kwenye bara letu, kusini mwa Sahara, upo huu mmoja tu. Nilipokuwa China niliwaona ndugu zake wakiwa uzio mbele ya benki, wakiwa chai ndani ya birika, wakiwa pambo la meza, na nikawa nawaambia wenzangu: nyumbani kwetu yupo mmoja, anakaa nyuma ya jiko la mama yangu.

Ulikuwa nyuma ya jiko kwa sababu ya desturi ya watu wa mama. Yeye alitoka Mpofi, upande wa Walikale, akaja kuolewa Bihambwe katika ukoo wa wafuga ng'ombe. Kwao, bibi harusi haondoki mikono mitupu. Mama yake humchimbia mche ulioota chini ya mti wa nyumbani, huufunga mizizi kwa maganda ya mgomba pamoja na udongo wa kwao, na binti huubeba mwenyewe mpaka kwa mume, akaupanda nyuma ya jiko. Ukishika, amekubali kukaa. Ukikauka, wakwe wana haki ya kusema kwamba moyo wake umerudi nyuma, na wengine hawasubiri mvua ya pili kumrudisha. Binti zake nao watakapoolewa, watachukua miche chini ya mti huo. Ndivyo mti unavyotoka kwa mama kwenda kwa binti, kutoka bonde hadi bonde, bila mwanamume kuugusa.

Mti wa mama ulishika, ukakua, ukapita paa. Lakini haukuzaa. Bibi yangu, mama mkwe wake, alikuwa na mdomo ambao kilima kizima kiliuogopa. Nikiwa mdogo nilimsikia akimwita mama kutoka uani: "We mutoto wa pori! Muti yako iko tasa sawa pori yenu! Ndege banapita tu, banaona hakuna kitu ya kula!" Mama aliingia nyuma ya jiko, akamwaga maji ya kwanza ya kuoshea sufuria kwenye shina, akazungumza na mti kwa sauti ya chini. Aliuita Mama. Mama yake mzazi alikuwa amekufa Mpofi wakati njia haipitiki, na hakufika kumzika. Kilichobaki cha mama yake ni kile kilichosimama nyuma ya jiko.

Niliporudi, vita vilikuwa vimekwisha kutuondoa Bihambwe. Baba alikuwa amekufa. Mama alikuwa amepanga chumba kimoja Sake, juu ya mawe meusi ya volkano, pamoja na shangazi yangu, dada ya baba, mjane kama yeye. Alikuwa mgonjwa wa moyo na miguu imevimba. Nilifika na sanduku langu na diploma yangu iliyofungwa ndani ya plastiki, na majirani walijaa mlangoni kuiona. Mama aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku.

"Hii maandishi ya Wachina inasema nini?"

"Inasema mimi ni dokta wa miti, Mama."

"Basi ulikuja vizuri," akasema. "Iko muti moja minataka uniangalilie."

Alitaka kujua kama ule mti ulikuwa kweli wa mama yake. Shaka ilikuwa imemwingia taratibu, kwa miaka, kwa sababu mti wa Mpofi ulizaa mpaka matawi yakainama na huu haukuzaa hata tunda moja. Alisema hawezi kufa bila kujua alikuwa anazungumza na nani.

Nilingoja wiki ambayo njia ilikuwa tulivu, nikapanda pikipiki ya wauza maziwa mpaka Bihambwe. Nyumba yetu haikuwa na mabati tena. Jiko lilikuwa rundo la udongo lililoota majani. Mti ulisimama nyuma yake, umechanua. Nilivuta tawi, nikatazama maua kwa kioo changu cha kukuzia. Vumbi la chavua lilikuwa tele, lakini katikati ya ua hapakuwa na kile kifuko kidogo ambacho huwa tunda. Nikatafuta ua jingine, na jingine. Yote ni hivyo. Nilichuma majani machache, kama ilivyo kawaida ya kazi yangu, nikacheka peke yangu pale, katikati ya ng'ombe wa watu nisiowajua.

Niliporudi nilimweleza mama mbele ya shangazi. Katika jamii hii ya miti, dume ni mti wake na jike ni mti wake. Mche ukiwa mdogo hakuna anayeweza kujua ni upi. Mama yake alimchimbia mche bila kujua kwamba ni dume, na dume hazai hata umwagilie maziwa.

Mama akaanza kucheka mpaka akashika kifua.

"Yesu wangu! Kumbe miaka yote ile nilikuwa nangoja mwanaume azae!"

"Na mama yetu alikuwa anatukana mwanaume tasa," shangazi akasema, akipangusa macho.

Ilikuwa siku njema. Ningeweza kuiacha hapo. Lakini kicheko kilipoisha mama alinitazama tena.

"Kuwa dume haimaanishe iko ya mama yangu. Inaweza kuwa dume ya mama mwingine. Njo hivyo?"

Ndivyo. Na mtu aliyesoma nilichosoma hawezi kuambiwa neno kama hilo akakaa kimya. Nikamweleza kazi yangu. Ndani ya jani mna vichembe vya kijani vinavyopika chakula cha mti kwa jua. Vinaitwa kloroplasti, na kila kimoja kina maandishi yake ya urithi, mbali na yale ya kiini cha seli. Mti huyapokea maandishi hayo kwa mama. Chavua ya dume haileti kitu humo. Kwa hiyo mtoto na mama yake, maandishi yao ni yale yale, herufi kwa herufi.

"Yanakaa namna gani?" akauliza.

Nilitazama chumbani, nikaona ngata yake, ile aliyosokota kwa kitambaa ili kubebea ndoo. Nikaichukua. Yanakaa hivi, nikamwambia, mviringo, hayana mwanzo wala mwisho. Upande huu ni kipande kirefu. Upande wa pili ni kipande kifupi. Kati yao, huku na huku, kuna vipande viwili vilivyo sawa kabisa, ila kimoja kinasomeka kwa kwenda na kingine kwa kurudi, kama mtu anayepita njia ya Sake kwenda Masisi halafu anairudia hiyo hiyo: vilima ni vile vile, lakini kinachokuja kwanza ni cha mwisho. Vipande hivyo viwili hubadilika polepole sana. Kipande kirefu ndicho chenye mabadiliko mengi. Humo ndimo nitakapotafuta.

Mama aliichukua ngata, akaiweka kichwani, bila ndoo, akakaa nayo hivyo.

"Wende Mpofi," akasema.

Nilikwenda na lori la mfanyabiashara wa Butembo aliyepeleka sabuni na chumvi Walikale, Mkatoliki aliyesali rozari kila tulipokwama kwenye tope. Alipoambiwa kwamba nasafiri kufuata majani, alimgeukia dereva.

"Umesikia? Dada alisoma mpaka China juu ya kuja kuchuma majani. Mbuzi wangu haikusoma na inachuma kila siku."

"Mbuzi wako haijui mama ya jani ni nani, Papa," nikamjibu.

"Inajua ladha yake," akasema, na dereva akacheka mpaka Masisi.

Mpofi, uwanja wa bibi yangu mzaa mama ulikuwa shamba la mihogo la watu wengine. Walinionyesha mti: kisiki. Ulikuwa umekatwa kutengeneza daraja la magogo mtoni. Lakini mti huu haufi upesi. Pembeni ya kisiki machipukizi yalikuwa yamesimama, laini, majani yake yanang'aa. Nilichuma majani machache, nikayatia kwenye mfuko wenye punje za kukaushia, zile zinazowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Kisha nikakata vijiti, nikavifunga kwa maganda ya mgomba pamoja na udongo wa pale, kama desturi inavyotaka. Mimi sikuwahi kupewa mche. Mti wetu wa Bihambwe haukuwa na miche ya kunipa, na mimi niliondoka na pasipoti tu. Njiani nilivishika vijiti vile magotini.

Sake vilikauka. Nilivipanda kwenye ndoo, nikachanganya mbolea, nikaviwekea kivuli, nikatumia kila nilichofundishwa. Kimoja kilisimama mpaka Jumapili ya pili, kikaangusha jani lake la mwisho. Jirani mmoja alipita, akatazama ndani ya ndoo.

"Dokta wa miti! Na dokta wa bantu, njo bako hivi hivi?"

Nilimwambia ya madaktari wa watu siyajui, ila kazi yangu ni kusoma miti, si kuiotesha. Lilikuwa jibu la kweli, lakini lilinikaa vibaya mdomoni.

Sehemu ya majani ya miti yote miwili niliituma kwenye maabara niliyotoka. Mengine niliyaweka, maana sheria ya kazi yetu ni kwamba asiyeweza kuonyesha jani hana ushahidi. Mashine husoma vipande vidogo vidogo tu. Kuviunga mpaka mviringo ufunge ni kazi ya mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi, Goma, kwenye chumba cha rafiki mwenye umeme wa jua. Nilifunga mviringo wa Mpofi. Nikafunga wa Bihambwe. Nikailaza sambamba. Vile vipande viwili vya kwenda na kurudi vilikuwa sawa. Kipande kifupi, karibu sawa. Katika kipande kirefu nilianza kuona herufi zisizolingana: hapa moja, pale neno zima lililopo kwa mmoja na lisilopo kwa mwingine, mbele tena. Nilirudia kazi yote kutoka mwanzo, nikiomba kwamba nimekosea. Mimi huwa sikosei katika kazi hiyo. Niliingiza na sampuli nyingine nilizowahi kuzikusanya, nikachora mti wa ukoo. Wa Bihambwe ulikwenda kukaa na miti ya vijito vya Masisi. Wa Mpofi ulikaa upande wake, na miti ya bondeni. Koo hizo mbili zilikuwa zimeachana kabla mtu yeyote hajaishi kwenye vilima hivyo.

Nilimwambia mama asubuhi, baada ya uji. Hakuna namna ya kulisema jambo hilo kwa kuzunguka.

"Mama, ule mti si mtoto wa mti wa Mpofi."

"Uliangalia vizuri?"

"Mara mbili."

"Na upande wa baba ya muti? Ile maandishi ingine?"

"Hayo hayawezi kumpa mama mwingine. Mama ni mmoja, na si yule."

Aliitikia kwa kichwa. Akavuta kanga yake ikafika kidevuni. Baadaye kidogo akasema, kama anayejisemea, kwamba basi alikuwa akimwambia mambo yake yote muntu ambaye hamujue. Hakulia. Afadhali angelia. Alipungua tu mbele yangu, kama mzigo uliotolewa kamba.

Ndipo shangazi, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akaacha kuchambua.

"Muti yako ilikauka," akasema.

Mama aligeuza kichwa.

"Mwezi ule ulifika. Ulishikwa na homa, baridi yetu ilikupiga, ukalala ndani hujui hata jina yako. Muti ikakauka nyuma ya jiko. Wajomba balikuwa banaanza kusema: huyu arudi kwao, muti imekataa. Mama yetu akawaambia: muti haijakauka, mulitazama vibaya, mulikuwa mumelewa. Asubuhi yake tukaenda naye kwenye kijito. Mimi nilikuwa mutoto wa kubeba jembe. Akatafuta muche ya urefu ule ule. Akapima na mukono yake. Akaja kuutia mu shimo ile ile, na maganda yako ile ile. Udongo ya kwenu hakuitupa. Aliirudisha yote, akaisindilia na mukono. Akaniambia: ukifungua kinywa, nitakichana."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

"Yeye?" mama akasema. "Yule?"

"Njo yeye."

"Sasa kwa nini alikuwa ananitukana vile? Juu ya muti ambayo alipanda yeye mwenyewe?"

"Sijuwe," shangazi akasema. "Alikuwa anatukana kila muntu. Hata ng'ombe alikuwa anazitukana."

Nieleze jambo ambalo kilima chote kililijua. Bibi yangu alipokufa, mama hakumlilia. Alipika kwa waombolezaji, akachota maji, akaosha vyombo, macho yake makavu tangu kufa hadi kuzika, na watu wakasema sana. Alisema hana chozi la kumpa mwanamke yule.

Asubuhi ile ya Sake aliteremka kitandani. Miguu yake ilikuwa mibaya, nikataka kumzuia, akanisukuma. Akakaa chini kwenye saruji, akavua kitambaa cha kichwani, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wanawake wa msiba, na akaanza. "Mama! Mama mukwe wangu! Mama uliyenifichia aibu!" Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake, hata baba alipokufa. Ilitoka nje, ikapita ukuta wa mbao, na majirani wakaja mbio.

"Nani amekufa?" mama mmoja akaniuliza mlangoni.

"Bibi yangu."

"Pole! Lini?"

Shangazi ndiye aliyejibu: "Zamani. Huyu mutoto hakuwa hata anaenda masomo."

Yule mama alisimama akitazama ndani. Niliona kwamba haelewi, na sikuwa na nguvu za kueleza. Kisha akavua kandambili zake, akaingia, akakaa sakafuni kando ya mama, akaanza kulia naye. Kwetu anayelia msiba haachwi peke yake, na hakuna aliyewahi kuweka muda. Akaja wa pili, na wa tatu. Mmoja alileta sukari, mwingine kuni, wengine waliketi juu ya mawe nje bila kuuliza chochote. Walikaa mpaka jioni na kumlilia mwanamke ambaye hawakumwona, kwa ajili ya mti ambao hawakuujua. Mimi na diploma yangu tulipika chai.

Mama hakuinuka sana baada ya siku hiyo. Katika miezi iliyobaki alikuwa akimzungumza bibi kila wakati, anakumbuka kitu kimoja kimoja: siku alipomtupia shuka bila neno, siku alipomwambia asiende kuchota, aende mwingine. Kila kimoja alikigeuza upya na kukitazama kwa nyuma. Mambo hayo yalimliza kuliko ugonjwa. Alikuwa amepoteza mama mmoja ambaye yeye hakufika kumzika, na sasa mwingine ambaye alimzika bila kumlilia.

Habari zikatufikia kwamba watu waliokimbilia Bihambwe walihitaji makaa, na mti wa nyuma ya jiko haupo tena. Sikumwambia. Shangazi alimwambia.

Siku moja aliniomba nimletee majani yangu. Nilimletea mifuko miwili, nikaiweka juu ya blanketi: Mpofi mkono huu, Bihambwe mkono huu. Kila mmoja ulikuwa umebaki na jani moja zima, limekauka, bado la kijani. Nilidhani nilijua atashika upi. Mpofi ndiko kulikokuwa na mama aliyemzaa, na kisiki chake, na mche ule uliokauka.

Alishika wa Bihambwe.

"Hii njo nitaenda nayo," akasema. "Yule mwingine nitamukuta, ni mama yangu, hana neno. Lakini huyu nitamukuta na mikono mitupu? Atanitukana."

"Mama, ni ushahidi wangu," nikamwambia. "Bila jani hilo mtu anaweza kusema nilitunga."

"Nani atasema? Wewe si dokta?"

Tulimzika Sake, kwenye mawe, kwa sababu njia ya Bihambwe ilikuwa imefungwa tena. Shangazi alimfunga vidole juu ya jani. Lilivunjika kidogo, na vipande vyake akaviokota vyote kwenye kanga, akavirudisha mkononi mwake.

Kazi yangu imekamilika, na ni kazi nzuri kuliko yoyote iliyowahi kufanywa juu ya mti huu katika milima yetu. Mviringo wa kwanza umefunga, wa pili umefunga, mchoro wa ukoo umesimama. Ila anayetaka kuihakiki kwa macho yake atanikuta na jani la Mpofi tu. Akiniuliza la Bihambwe liko wapi, nitamwelekeza Sake.